Kidole Gumba cha Profesa

Profesa wa historia hukagua rafu za maktaba yetu akiwa na koti lililolowa mvua ya mji wa Bergen, wala halivui. Vitabu vya zamani vilitoka kiwandani kurasa zikiwa zimeshikana, msomaji azikate mwenyewe kwa kisu. Basi yeye hupitisha tu kidole gumba ukingoni. Akikuta bado zimeshikana, huchomeka karatasi nyekundu, yaani kitabu kiondolewe. "Hiki hakina msomaji," husema, kama daktari wa meno anayehesabu meno mabovu, na kidole kimeshahamia kingine.

Jana alikuja na mzee Tveit, mwalimu wake aliyestaafu. Kidole kikafika kwenye kitabu alichoandika mzee huyohuyo, kikasimama. Kurasa zote zilikuwa zimeshikana.

"Vipi, nacho hakina msomaji?" mzee akauliza.

"Mwalimu, hii ni nakala ya maktaba tu."

"Ndiyo hiyohiyo uliyoazima ukiandika tasnifu. Ukaja kunisifia sura ya mwisho."

Nikajifanya napanga rafu. Profesa akavua koti, akakaa sakafuni, akatoa kisu chake cha kumenyea tufaha na kuanza kukata ukurasa wa kwanza. Mzee akamwekea karatasi nyekundu mapajani.

"Ukimaliza," akasema, "ndipo uamue."