Ukungu wa Picha ya Maguu

Nilitoka Singida na begi moja la nguo, na kompyuta niliyoifunga kwenye shuka isigongwe. Iringa ikapita, Makambako ikapita, Njombe ikapita, abiria wakibadilika na baridi ikizidi. Nililala Songea, kesho yake nikapanda gari la Mbinga. Nilipoiona milima imechimbwa ngoro, yale mashimo ya mraba ya kulimia yanayofuatana mteremko mzima kama sega la nyuki, nikasema hapa nitakaa.

Nikapanga chumba cha picha mjini. Kupiga ilikuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ilikuwa kusafisha. Kwenye kompyuta nilikuwa na brashi tatu. Moja unaipitisha mahali panang'aa, moja inatia giza, na ya tatu inalainisha: makunyanzi yanakwisha, vitu vya nyuma vinafifia. Watu waliipenda ya kwanza na ya tatu. Ya giza hakuna aliyewahi kuiomba kwa uso wake mwenyewe.

Akaja mkulima wa kahawa wa Maguu, mgane. Alikuwa amekubaliana na mwanamke wa Lundo, kule ziwani, aliyekuwa akiuza usipa, dagaa wa ziwani, sokoni Mbinga. Kilichobaki ni mama wa yule mwanamke, ambaye alikuwa hajawahi kupanda milimani na alijua jambo moja tu kuhusu huko: baridi inaua. Alisema aletewe picha aone mwanawe atakaa wapi.

Nilimpiga mbele ya nyumba yake, shamba likiwa nyuma.

"Uso uwe mweupe kidogo," akaniagiza. "Nisionekane nimeungua na jua."

Nikaangaza. "Na huku nyuma?"

"Fanya kama picha za harusi za mjini."

Picha za harusi za mjini, nyuma huwa pamefifia. Nikalainisha mpaka ngoro zikawa pamba. Akafurahi sana.

Mshenga, baba mdogo wa mkulima, akaipeleka Lundo. Aliporudi alikuja moja kwa moja chumbani kwangu.

"Wamekataa. Mama anasema huo ni ukungu. Anasema mtu aliyepauka hivyo hajaliona jua tangu azaliwe. Twende ukamweleze mwenyewe."

Tukashuka naye ziwani. Mama tulimkuta na binti yake wanaanika usipa kwenye chanja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye ukungu?"

Nikamfungulia picha ya mwanzo kwenye kompyuta, ngoro zote zinaonekana, jua linawaka kwenye bati. Ili aelewe, nikamwonyesha brashi: shavu nikaliangaza, nikalitia giza, mlima nikaufifisha, nikaurudisha. Alitazama bila kupepesa. Nikadhani tumeshinda.

"Kumbe unapaka," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Basi hata hilo jua umelipaka."

"Hilo ni la kweli, mama."

"Na lile shavu la kwanza lilikuwa la nani?"

Mshenga akaninong'oneza, "Funga mashine yako kabla hujamfuta bwana harusi."

Binti akaacha kugeuza usipa. "Mama, mimi kila siku niko huko, mbona sijafa?"

"Wewe unauza unashuka. Hujalala. Nitakwenda mwenyewe."

Akaja Maguu miezi ile ile ya baridi, amevaa sweta mbili na kitenge kichwani. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito hata jiko hulioni ukiwa barazani. Mkulima akanivuta nyuma ya nyumba.

"Fanya kitu!"

"Nifanye nini?"

"Si una brashi wewe!"

Mama alikunywa kahawa. Akanywa nyingine. Binti yake akawa anautazama mlima kama anayeubembeleza. Hatimaye ukungu ukaanza kupanda polepole: ikatokea mibuni, zikatokea ngoro mpaka chini mtoni, kisha jua likapiga bati. Mama akavua sweta moja. Akashuka mpaka kwenye ngoro, akaingiza mkono kwenye udongo, akauliza kama maharage yanakubali. Aliporudi akamtazama mkulima kwa karibu, yale makunyanzi niliyokuwa nimeyafuta.

"Kumbe ni mtu mzima," akasema. "Afadhali. Yule wa kwenye picha nilidhani bado ananyonya. Lakini miezi ya baridi mwanangu atashuka kwangu."

Mkulima alikubali kabla mama hajamaliza sentensi.

Harusi ikafanyika, na habari ikaenea. Tangu hapo kila aliyekaa mbele ya kamera yangu alinionya, "Piga, usiguse." Nami nikapiga, sikugusa. Lakini picha isiyoguswa kila mwenye simu anaipiga, na chumba kikaanza kupoa.

Siku niliyoondoka, bibi harusi alinikuta stendi na beseni lake, akanifungia usipa wa njiani.

"Utarudi lini, kaka?"

"Msimu wa kahawa," nikasema, na wakati ule niliamini. Gari lilipofika Songea nilikuwa tayari naulizia magari ya Tunduru.