Nambari Tatu kwenye Ukuta wa Mzee Kinuthia

Jua bado halijapasha mabati ya soko la kijiji cha Ziwa, na Naomi Jelagat tayari amepiga magoti mbele ya duka la Mzee Kinuthia, brashi ya waya mkononi, mkebe wa tapentaini ubavuni. Anasugua. Ukutani kuna nambari tatu, kubwa, nyekundu, aliyoipaka yeye mwenyewe wiki iliyopita, tena kwa madaha.

"Naomi, wateja wameisha mjini? Siku hizi unakanda ukuta?" anamtupia mama mmoja anayepita na mtungi wa maziwa.

"Ukuta haulii, Mama. Ungekuwa ni mguu wako, Ziwa nzima ingekuwa imeamka."

Kukanda ndiyo kazi yake. Katika chumba kimoja mjini Eldoret, nyuma ya duka la viatu, Naomi hunyoosha misuli ya wakimbiaji. Msimu wa mbio hulipwa shilingi mia tano kwa kila anayelala mezani; msimu ukipoa, mikono hiyo hiyo hukanda unga wa chapati. Mumewe alipoondoka alimwachia watoto watatu na kitanda. Watoto akawalea, kitanda akakigeuza meza ya kazi.

Ni kazi hiyo iliyompeleka Ufaransa. Vivian, mkimbiaji wake, alialikwa kwenye mbio ndogo huko, akasema haendi bila mikono ya Naomi. Siku moja baada ya mbio, Vivian akalala. Naomi, ambaye hajui kulala mchana, akatoka kutembea katika kijiji cha kale ambacho jina lake hadi leo linamvunja ulimi.

Mapokezi ya hoteli walimpa karatasi yenye ramani. Hakuna wa kukutembeza. Unafuata nambari zilizobandikwa kwenye kuta za mawe, kila nambari na kibao cha historia yake. Mtu anasimama, anasoma, anaendelea.

Naomi hakuendelea. Nambari ya kwanza ilikuwa kwenye nyumba ya mtu, basi akabisha.

"Kwetu hupiti mlango wa mtu ukimwangalia ukuta kama fundi wa kukadiria," anasema. "Unapiga hodi, unasalimia, ndiyo unauliza."

Akatoka mwanamume mwenye povu la kunyolea ndevu, akaitazama karatasi, akamwonyesha njia kwa wembe. Nambari ya pili hapakufunguliwa. Ya tatu akafungua nyanya mmoja, akacheka, akamvuta ndani, akampa kahawa kwenye bakuli.

"Hajui Kiswahili, sijui Kifaransa. Tuliongea mpaka Vivian akaamka akaanza kunitafuta."

Alirudi na wazo. Wageni huja Eldoret kuwaona wakimbiaji, wengine hufika hadi Ziwa, alikozaliwa Naomi. Wanapiga picha, wanapanda gari, wanakwenda. Hata mandazi hawanunui. Mbona nao wasifuate nambari kutoka mlango hadi mlango?

Wanakijiji wakaunda kamati, mwenyekiti akawa Paul, kaka mkubwa wa Naomi. Vituo vikawa vitano. Josho la zamani la ng'ombe likapata moja, kanisa la udongo likapata mbili. Tatu ikawa duka la Mzee Kinuthia, kwa sababu hapo ndipo kisiagi cha kwanza cha eneo hilo kilipoanza kunguruma na kusaga mahindi ya watu.

Siku ya kupaka, mzee alikuwa Eldoret kuchukua bidhaa. Mkewe, Mama Tabby, akasema, "Paka tu." Mkebe pekee uliokuwa na rangi ulikuwa wa nyekundu. Naomi akapaka.

Kila Mkenya anajua maana ya rangi nyekundu ukutani: barabara inakuja, na tingatinga liko nyuma yake. Lakini Mzee Kinuthia aliporudi hakufikiria barabara. Alifikiria mwaka wa vurugu za uchaguzi, watu wa kabila lake walipofukuzwa Ziwa.

"Sikuuliza," anasema mzee. "Mwaka ule pia hatukuuliza. Asubuhi tulikuta alama mlangoni, jioni duka na kisiagi vikawa majivu."

Alifunga duka, akamwambia mkewe akunje nguo, akampigia simu mwanawe Mungai alete lori. Hata Mama Tabby alipomweleza kwamba ni Naomi tu na mambo yake ya wazungu, hakufungua. Naomi alipata habari kutoka kwa wanawake waliokosa chumvi.

"Nilitaka kuleta wageni," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hatanii, "nikakaribia kumfukuza mwenyeji."

Mlango wa duka unafunguka nusu. Mzee Kinuthia anatoka na kigoda, anaketi, anakagua kazi.

"Umeacha mkia hapo chini."

"Hiyo ni kutu, Mzee."

"Ni rangi. Sugua."

Anasugua. Ni rangi.

"Mungai nimemwambia angoje," anasema mzee. Hakusema asije. Naomi ameisikia tofauti hiyo, na brashi inapunguza mwendo. "Kile kibao chako kingesema nini?"

"Kwamba kisiagi cha kwanza kilikuwa hapa, na watu walikuja na punda kutoka mbali."

"Halafu?"

"Halafu basi, Mzee."

"Basi! Kisiagi kilikuja, kikanguruma, kikapaa mbinguni?" Anacheka peke yake. "Andika kilichomwa, na sisi tukaondoka. Halafu andika tulirudi, na walioshika mabati tukijenga tena ni watu wa hapa hapa. Yote mawili. Ukiandika moja, naita lori."

Hapo ndipo kazi ilipo. Paul ameshasema vibao vibebe mambo mazuri pekee. "Mgeni hatoki ng'ambo aje asome matanga yetu," aliiambia kamati. Kauli ya mwenyekiti ni nzito, na ya kaka mkubwa ni nzito zaidi.

Naomi anafunga mkebe. Mpango wake, anamwambia mzee, ni kumwendea Paul Jumapili baada ya ibada, amweleze maneno ya mzee kama yalivyo.

"Na akikataa?" anauliza Mzee Kinuthia.

"Akikataa hakuna matembezi. Siwezi kuwapitisha watu kwako wakidanganywa."

Mzee anaukagua ukuta, ambao sasa umebaki na doa la waridi tu. Kisha anainuka na kuusukuma mlango wa duka hadi mwisho.

"Sijakanyaga boma la Paul tangu mwaka ule," anasema. "Jumapili tutaenda wote. Wewe uongee. Mimi nitakaa tu, aniangalie usoni kama atakataa."