Busera ya Hulda

Mwanamke ninayesimulia habari zake anaitwa Kavugho. Anauza maharagwe na unga wa muhogo kando ya barabara huko Bulengera, na usoni hana kitu cha kumsimamisha mpita njia. Wajukuu zetu watayajua majina ya wabunge. Lake hawatalijua, ndiyo maana naliandika.

Binti yake, Sagesse, alianza kukonda msimu wa mahindi. Alikunywa maji kama udongo wa kiangazi, akakojoa usiku kucha, na sketi yake ya shule ikawa inafungwa kwa kamba. Koko Adèle, mama mkwe wa Kavugho, hakuhitaji daktari.

"Ni karuho," alisema. "Mutoto banamulisha."

Karuho ni ile sumu ambayo kwetu husemwa kwamba mtu huitia katika chakula cha mwenzake ili kumkausha polepole. Sijawahi kukutana na aliyeiona kwa macho yake, lakini nimeona nyumba nyingi zikivunjika kwa jina lake tu. Likishatamkwa, lazima apatikane mtu. Akapatikana Hulda, mjane wa jirani, asiye na mtoto, anayepika busera, uji mwepesi wa ulezi, na kuwauzia wanafunzi. Sagesse alikuwa akiinywa kila akitoka shuleni. Ushahidi mwingine haukutafutwa.

Zamani neno zito namna hiyo lilipelekwa kyaghanda, katika nyumba ya moto wa wazee. Msemaji aliketi upande mmoja, aliyesemwa upande wa pili, na moto katikati. Ulikuwa huwezi kumwita mtu mchawi bila kumtazama machoni. Leo kila mmoja ana ukuta wa matofali wenye vipande vya chupa juu, na maneno huruka ukuta bila kupiga hodi.

Koko alimnywesha mtoto mizizi ya kutapisha. Sagesse alitapika hadi akazimia. Kavugho alimfunga mgongoni, akapanda pikipiki hadi hospitali, na huko mwuguzi Ézéchiel akapima damu. Haikuwa sumu. Ulikuwa ugonjwa wa sukari: mwili wa mtoto umeacha kutengeneza insulini, itabidi achomwe sindano maisha yake yote, na akiikosa atakufa.

Kavugho alijifunza kuchoma. Kwa kuwa hana friji, aliiweka chupa ya dawa ndani ya chungu kilichozungukwa na mchanga mbichi. Hicho chungu alikitafuta soko zima, maana siku hizi hatufinyangi tena, tunanunua plastiki. Mtoto akanenepa, akarudi shuleni. Lakini Koko Adèle hakurudisha neno lake.

"Sukari ni jina ya Kifaransa ya karuho," alisema, na busera ya Hulda ikaendelea kuchacha bila mnunuzi.

Kisha vita vikafunga njia ya Goma, na ile ya Beni ikawa ya kupita kwa msafara wa askari. Insulini ikaisha katika maduka yote ya dawa ya Butembo, mji wetu. Kavugho alipunguza sindano ili chupa ya mwisho idumu, jambo alilokatazwa. Haukupita muda, Sagesse akalala kitanda cha hospitali, anapumua kama aliyekimbia mlima, na pumzi yake inanuka kama ndizi zilizofukiwa shimoni kwa ajili ya pombe.

Ézéchiel alimvuta mama pembeni. "Maji ya mushipa niko nayo. Insulini, hapana. Lakini kuko kikundi ya bazazi kule Beni, batoto yabo biko na hii ugonjwa. Moja akikosa dawa, mwingine anamugawia. Yule anabaongoza anaitwa Séphora."

"Nitamupata namna gani?"

"Dada yake iko mu quartier yenu. Mama Hulda."

Kavugho alitembea hadi mlango ambao familia yake ilikuwa imekatazwa na Koko kuukaribia. Hulda alikuwa akikoroga sufuria.

"Eh! Mama Sagesse," alisema bila kugeuka. "Leo umepotea njia? Huku ni kwa mulozi."

"Mutoto anakufa, yaya," Kavugho alisema, akimwita dada mkubwa.

"Ule mutoto nilimulisha karuho?"

"Yeye njo yule. Minakuomba."

Hulda aliweka mwiko chini. Alimtazama kwa muda ambao Kavugho ananiambia bado anauota. Kisha akafuta mikono kwenye kitenge, akachukua simu, akampigia dada yake katika commune ya Ruwenzori, kule Beni. Séphora hakuuliza mtoto ni wa nani. Alikuwa na chupa za mwanawe Ariel; angetoa moja, ampe dereva wa pikipiki, na msafara ulikuwa unakaribia kuondoka.

Wakangoja. Adhuhuri zikaja habari kwamba risasi zimelia njiani na pikipiki zimerudishwa. Simu ya dereva haikupatikana. Sagesse hakujibu tena akiitwa jina. Kavugho alikuwa amemshika mguu, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imelaliwa na Koko Adèle, analia na kusali.

Jua lilikuwa limeinama dereva alipoingia uani mwa hospitali, mwekundu kwa vumbi. Alimpa Hulda thermos yenye chupa iliyoviringwa kitambaa kibichi. Hulda akaingia nayo ndani ya chumba cha wagonjwa, na mkono wa pili akishika thermos nyingine, ya busera, kwa sababu hatuendi hospitali mikono mitupu.

Koko Adèle alisimama mlangoni.

"Ile dawa imepita mu mikono yake. Anakuya kumaliza kazi! Aonje kwanza!"

Jamaa wa wagonjwa wa vitanda vingine wakainuka. "Ndiyo, aonje!" mmoja akaitikia. Ézéchiel, sindano mkononi, akarudi nyuma. Tangu siku za Ebola, waliposhambuliwa na watu, wauguzi wetu wanajua jinsi mawe yanavyoanza kurushwa.

Ni lazima nieleze huku kuonja. Kwetu anayekupa kinywaji hukionja mbele yako. Zamani ilikuwa heshima: mwenye nyumba alikunywa funda la kwanza kukuambia kwamba uhai wake na wako viko katika kibuyu kimoja. Tumeigeuza kazi ya polisi.

"Hii dawa haionjwake, Koko," Ézéchiel alisema kwa sauti ndogo. "Mutu asiye mugonjwa akijichoma, inamuangusha."

Hulda alikunja mkono wa blauzi. "Nichome. Basi nianguke, mutoto apone."

Ézéchiel hakusogea. Kitandani pumzi ilikuwa imeanza kukatika.

Ndipo Kavugho akauachia mguu wa mtoto. Alichukua thermos ya busera mkononi mwa Hulda, akajaza kikombe, na bila kungoja mtu yeyote aonje, akanywa mbele ya mama mkwe wake mpaka tone la mwisho. Akajaza tena, akanywa tena. Uji ulimtiririka kidevuni.

"Kama ni sumu, nitatangulia," alisema. "Ézéchiel, choma mutoto yangu."

Jamaa wa vitanda vingine wakaketi tena. Koko Adèle alibaki mlangoni, lakini kando, na mwuguzi akapita.

Usiku huo wanawake hao watatu walikaa pande tatu za kitanda. Kila Ézéchiel alipopima damu, walimtazama uso kabla ya kuuliza. Alfajiri pumzi ya Sagesse ilikuwa haina tena harufu ya ndizi. Alifungua macho, akamwona aliye karibu zaidi.

"Koko, niko na njaa."

Ézéchiel aliruhusu busera kidogo, kwa kuwa haikutiwa sukari. Koko Adèle akamimina katika kikombe, akakinyanyua kuelekea mdomo wa mtoto, na mkono ukasimama njiani. Maisha yake yote hajampa mtu kinywaji asichokionja.

Hulda alikuwa anamtazama. Kavugho pia.

Koko akakipeleka kikombe mdomoni mwake mwenyewe, akameza, akapangusa midomo.

"Haina chumvi," alisema, akampa mjukuu wake.