Neno Nililomwomba Mama

Nilipomaliza chuo na kukosa shule ya kufundisha, nilirudi nyumbani, karibu na soko la Birongo, nikajifunga aproni ya plastiki na kuchuma chai pamoja na mama. Sikukaa shambani muda mrefu. Mhadhiri mmoja aliyewahi kunifundisha alimpa mtu namba yangu ya simu, mtu huyo akampa mwingine, na kabla mwaka haujaisha nilikuwa mkalimani wa watafiti. Wao huja na Kiswahili au Kiingereza chao, wanakuta wazee wetu wanazungumza Ekegusii, na mimi nakaa katikati.

Watafiti hao hawafanani. Wa kwanza alikuwa mwanamke aliyekusanya nyimbo walizoimba mama zetu wakisaga wimbi kwa jiwe. Nilimpeleka nyumbani kwetu kwa sababu sikujua kwingine pa kuanzia. Mama, ambaye alikuwa Msabato wa kuketi kiti cha mbele, alitazama kwanza barabarani asije akawa anapita mzee wa kanisa. Kisha akatandika gunia, akapiga magoti kana kwamba jiwe liko mbele yake, akaimba. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiuimba wimbo ule. Mtafiti aliposikia namwita "baba", maana ndivyo tunavyomwita mama katika Ekegusii, na mzazi wa kiume ni "tata", aliandika daftarini kwamba mwimbaji ni baba yangu. Nilimsahihisha. Mama alipoelewa kilichotokea alicheka mpaka akashika ubavu.

Wa pili alikuwa kijana aliyetaka kujua mashamba yanagawanywaje sasa ambapo yamebaki vipande, na kama mabinti nao wanapata. Huyo alimhoji baba. Baba yangu ni mtu wa maneno machache. Alijibu kila swali kwa ndiyo na hapana mpaka alipoulizwa kama mimi, kitindamimba wake, nitapewa kipande. Alinitazama, ikanibidi nitafsiri swali mara ya pili.

"Mwambie bado nafikiri," alisema.

Halafu walikuja wahandisi wawili wenye programu ya simu ya kutambua magonjwa ya chai. Unapiga picha jani, simu inakuambia linaumwa nini. Mama aliwasikiliza kwa heshima, akaenda nyuma ya jikoni, akarudi na jani la mparachichi na kuwapa. Simu ikasema hiyo ni chai na inahitaji dawa ya ukungu. Wahandisi walicheka pia, wakaandika. Mmoja wao alinunua ndizi zetu kabla ya kuondoka.

Nayasimulia haya kwa sababu siku hizo nilikuwa na furaha. Niliona wageni wakiichukulia nyumba yetu kama mahali penye mambo ya kujulikana. Mama naye alifurahi. Majirani wakimuuliza binti yake anafanya kazi gani, alijibu kwamba nauliza maswali.

Kisha akaja daktari.

Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Nairobi, mpole, mwenye mazoea ya kuvua saa yake na kuiweka mezani kabla ya kuzungumza na mgonjwa. Utafiti wake ulihusu watu wanaoshindwa kumeza. Ugonjwa huo, saratani ya koo la chakula, unawachukua wengi upande wetu, na wengi hufika hospitalini wakati hata uji haupiti. Daktari alitaka kujua kwa nini wanachelewa. Alikuwa na dodoso refu, na kazi yangu ilikuwa kulitafsiri.

Swali moja lilinishinda. Kwa Kiswahili lilisema: "Je, unapata ugumu wa kumeza?" Nilipoliweka katika Ekegusii, watu waliniambia hapana, hawana shida yoyote, hata wale ambao tulijua wanayo. Neno nililotumia lilikuwa la mtu anayekabwa na mfupa wa samaki. Watu hawakujiona humo.

Jioni moja nilikaa na mama jikoni akitayarisha chinsaga, ile mboga yetu chungu, akichambua jani moja moja. Karatasi zangu zilikuwa magotini.

"Mama," nikamwuliza, "mtu ambaye chakula hakishuki vizuri, utasemaje?"

Hakuinua kichwa. "Kinakwama kabisa au kinashuka baadaye?"

"Kinashuka, ila kwa shida."

Alichambua majani mengine mawili matatu. Kisha akasema, na hapa natafsiri nilivyoweza: "Utasema, tonge likifika hapa linasimama. Kama mtu aliyefika kwenye kijito kilichofurika. Linangoja. Unakunywa maji kidogo ili lisogee, halafu linavuka, na unalihisi likivuka."

Alikuwa ameweka kidole kati ya matiti yake, juu kidogo ya pale mfupa wa kifua unapoishia.

Nilifurahi mno. Niliandika haraka nisije nikasahau, nikamsomea, akanisahihisha mahali pamoja. "Usiseme linauma," alisema. "Mwanzoni haliumi."

Kesho yake nilimpelekea daktari. Alinisikiliza, akaomba nirudie polepole, akauliza nimelipata wapi. Nikamwambia kwa mama. Akasema mama yangu angefaa kuwa mwalimu wa madaktari. Tulilifuta swali la zamani, tukaweka maneno ya mama. Tangu siku hiyo watu walianza kujibu. Tulikwenda Ogembo, tukapanda na kushuka milima, na nyumba baada ya nyumba niliwasomea wazee habari za kijito kilichofurika, na wengine walitikisa kichwa kukubali kabla sijamaliza.

Miezi mitatu ilipita hivyo. Niliondoka asubuhi na kurudi jioni, nikamkuta mama amekwisha kula, au akasema atakula baadaye. Alikuwa amejizoesha kunywa chai pamoja na chakula. Gauni lake la Sabato alilipunguza kiunoni kwa mkono wake mwenyewe, na mimi nilimshikia uzi.

Siku iliyofumbua mambo tulikuwa Itumbe, katika nyumba ya mama mmoja ambaye mume wake alifanya kazi katika kiwanda cha chai miaka mingi. Daktari alikuwa chumba cha mbele na mgonjwa mwingine. Mimi na yule mama tulikuwa barazani. Nilipomsomea swali, alinigeukia.

"Ndiyo," alisema. "Ndivyo ilivyo. Nani amekufundisha maneno hayo?"

"Ni mama yangu, Mama."

"Anaumwa tangu lini?"

Nikamwambia mama yangu haumwi, nilimwomba tu neno.

Yule mama aliweka mkono wake juu ya karatasi zangu, taratibu, kama mtu anayefunga mlango. "Mwanangu," alisema, "mimi nimejaribu kumweleza mume wangu jambo hili tangu mwaka jana, nikashindwa. Sikujua hata mimi lisemwe vipi. Aliyesema hivyo linamfika. Nenda nyumbani."

Sikumuaga daktari vizuri. Nilimwambia nina dharura nikachukua bodaboda. Njia nzima nilikuwa najibishana na yule mama moyoni, nikimwambia kwamba mama yangu ni mwenye maneno, ameyapata kwa kuwaza. Nilimkuta shambani, katikati ya mistari ya chai, kikapu mgongoni. Nilisimama kwenye ukingo wa shamba nikamtazama akichuma. Mikono yake ilikuwa na kasi ileile. Shingo ndiyo iliyokuwa imebadilika, na nilishangaa ilikuwaje sikuiona.

"Mama, kile kijito ni chako?"

Aliendelea kuchuma mpaka akafika nilipokuwa.

"Ni changu," alisema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza neno, nikakupa neno."

Nilianza kulia, na hilo lilimkasirisha kidogo. Alitua kikapu chini, akafuta mikono kwenye aproni. "Ulikuja na karatasi zako umefurahi hivyo," alisema. "Ningekwambia nini? Nilisema moyoni, ngoja amalize hii kazi ya daktari, halafu nitamwambia. Lakini kazi yenyewe haiishi."

Tulikwenda hospitali mjini wiki ileile. Daktari mwenyewe alimpeleka kwa wenzake wa kipimo cha kamera. Picha niliiona. Siwezi kuisimulia. Waliweka mrija mdogo wa waya wa kupanua njia, na kwa majuma kadhaa mama alikula ndizi zilizopondwa na kuzisifia kama mtu aliyezionja kwa mara ya kwanza. Upasuaji, walisema, wakati wake ulikuwa umepita. Nikauliza umepita lini. Daktari aliyeshika faili alianza kunijibu, akamtazama mwenzake, akaacha. Nilishukuru alivyoacha, lakini hesabu ya miezi tangu siku ya chinsaga nilikwisha kuifanya mimi mwenyewe.

Mama akiwa bado wodini, chuo kikuu kiliitisha kongamano. Walikuwa wamekusanya watafiti wa sanaa, wa jamii, wa teknolojia na wa tiba chini ya paa moja, na nilikuwa nimekubali zamani kumtafsiria mzee mmoja aliyealikwa kuzungumza. Mama aliniambia niende. Nikakaa nyuma. Mhandisi mmoja alieleza jinsi mkulima alivyoidanganya programu yao kwa jani la mparachichi, na kwamba sasa wameirekebisha, na ukumbi ukacheka. Baadaye yule mwanamke wa nyimbo alibonyeza kitufe na sauti ya mama ikatoka kwenye spika mbili kubwa, ikiwa nzima, ya kabla ugonjwa haujaikwaruza. Watu waliacha kunong'ona. Nilitoka nje nikasimama karibu na bomba la maji mpaka ilipokwisha.

Nilipomsimulia mama, aliuliza kwa ile sauti yake ndogo iliyobaki, "Watu walifanya nini?"

"Walikaa kimya, wakasikiliza."

"Wimbo ule si wa kukaa kimya," alisema. "Mtu anasaga."

Alifia nyumbani, asubuhi, baba akiwa amekwenda kukamua ng'ombe na mimi nikiwa nachemsha maji. Tulimzika upande wa migomba. Yule mama wa Itumbe hakuja, kwa sababu alikuwa bado hospitalini. Kwake ugonjwa ulikuwa umekamatwa mapema kidogo, wakamfanyia upasuaji, na baadaye nilimtembelea nikamkuta anakula uji mzito kwa kijiko. Nilifurahi kwa ajili yake. Nilihisi pia kitu kingine ambacho nilikionea haya, nikaaga mapema.

Daktari alikuja mazishini akasimama mwishoni na majirani. Sheria za utafiti zilikataza kumwandikisha jamaa wa mfanyakazi, kwa hiyo mama hayumo katika karatasi zozote kati ya zile nilizojaza, ingawa kila karatasi inasema maneno yake. Baada ya siku za matanga daktari alinipigia simu akauliza kama familia ingeruhusu jina la mama litajwe kwenye shukrani za ripoti. Nikampelekea baba swali hilo. Alikaa nalo siku mbili.

"Hicho kitabu kitasomwa na watu wa hapa?" aliniuliza.

"Hapana, Baba. Watu wa mbali."

"Basi waandike. Haitamdhuru."

Niliacha kazi ile kwa muda, nikachuma chai, kisha nikarudi, maana dodoso halikuwa limekwisha na hakukuwa na mwingine aliyejua kulisoma. Mara ya kwanza nilipofika kwenye swali lile, katika nyumba moja juu ya Ogembo, sauti ilinikatika na mzee niliyekuwa namhoji akamwagiza mkewe aniletee maji. Mara ya pili nililisoma mpaka mwisho. Siku hizi nalimaliza, ila huwa nalitazama koo la mtu na si uso wake.

Nyumbani nimebaki na baba. Mimi ndiye ninayepika sasa, na tunakula pamoja, jambo ambalo hatukulizoea mama alipokuwepo kwa sababu yeye alikula jikoni na sisi tukala popote. Juzi nilipika ugali wa wimbi. Baba alimega tonge, akachovya, akameza, na mimi nikasubiri. Akamega jingine. Nilikuwa sijagusa chakula changu.

"Linashuka?" nikamwuliza.

Aliweka mkono wake chini. Nilidhani atakasirika.

"Linashuka," alisema. Akasogeza sahani ya mboga upande wangu. "Na wewe kula. Chakula kinapoa."