Viti vya Sebuleni Vina Bima

Juzi nilikuwa kwa wakala wa bima hapa Babati, natikisa mguu kwenye benchi kwa sababu bima yangu ilikuwa inaisha siku hiyohiyo. Mbele yangu alisimama mzee mmoja mfugaji. Gari lake dogo fundi alilikata nyuma, akachomelea bodi ya kubebea ndama.

"Shikamoo, baba," alisema binti wa kaunta, akichungulia dirishani. "Kadi ya gari inasema viti vitano, mimi naona viwili. Vingine viko wapi?"

"Marahaba. Viko sebuleni kwangu, kule kijijini Bonga. Wageni wanavikalia."

"Basi gari likaguliwe kwanza, kadi ibadilishwe."

"Mnada ni kesho, mwanangu. Wewe kata bima kama kadi inavyosema."

"Ukigonga mtu, kampuni itakataa kulipa."

Mzee akagonga kaunta kwa kidole. "Trafiki anaangalia bima, hahesabu viti."

Binti akashusha pumzi, akakata.

Mzee akatoka anatabasamu, mguu wangu ukazidi kutikisika, maana njia ya mnadani ndiyo yangu ya kila siku. Akinigonga, gari lake halina bima. Vyenye bima ni vile viti vya sebuleni, na sijawahi kusikia kiti kimemgonga mgeni.