Daktari wa Wazee, Kimandolu

Daktari wa wazee pale Kimandolu alikuwa na kawaida ya kusugua viganja mpaka vipate joto kabla ya kumgusa mgonjwa. Zahanati yake aliifungua baada ya serikali kuruhusu tena tiba binafsi, na mwaka 1995 nilimpeleka huko baba yangu, Mzee Lesian, mwenye miaka sabini na tisa na saratani ya tezi dume. Kwingine tulikuwa tumeambiwa apasuliwe upesi, na tangu siku hiyo baba alikuwa hali chakula vizuri. Daktari alimwamkia, "Shikamoo mzee," akavuta kiti karibu naye, akaliacha faili limefungwa. Nilipotaka kumjibia baba, aliniinulia kidole bila kunitazama, akasubiri baba aseme mwenyewe. Kwa sauti ya chini alimuuliza anaamka mara ngapi kukojoa, kama anahema akipanda mlima, kama mifupa inamuuma, na anaogopa nini hasa. "Kisu," baba alijibu. Daktari akamsikiliza moyo kwa muda mrefu. Ndipo akafungua faili, akasoma majibu ya vipimo, kidole kikifuata kila mstari.

"Mzee, ugonjwa wako unakwenda polepole, na moyo wako hautastahimili upasuaji. Kwa sasa hatupasui. Tutakupima kila miezi mitatu. Mifupa ikianza kuuma au mkojo ukigoma, uje siku hiyohiyo, dawa zipo."

Baba alishusha pumzi ndefu. Daktari akaandika tarehe ya kurudi, siku ya Jumatano, akamsomea.

"Jumatano hiyo naogesha ng'ombe," baba akasema.

Daktari akaikata ile tarehe kwa mstari. "Basi Alhamisi, mzee?"