Nyama ya Kupelekeana

Kila Jumapili asubuhi, kabla sijatoka nyumbani Riverdale, huku ughaibuni, kwenda mji wa Falls Church kumwogesha bibi kizee niliyekuwa nikimtunza, nilimpigia mama simu. Aliningoja kwenye simu ya ofisini kwa mchungaji, kule nyumbani Mbeya. Siku hiyo hakuniuliza kama nimekula.

"Nguruwe wamekwisha, mwanangu," alisema.

Dume lake kubwa lilikuwa limegoma kula, mwili unawaka moto. Kabla halijafa, mama akamwita mchinjaji. Kama alivyofundishwa na mama yake, mafungu ya kwanza hayakuingia jikoni kwake, yalikwenda kwa majirani. Fungu nono kuliko yote alilipata shoga yake wa tangu utotoni, yule aliyenipokea mimi nilipozaliwa.

Shoga akaiosha nyama, maji akayamwaga kwenye pumba za nguruwe wake. Kwetu wote hufanya hivyo, chakula hakitupwi. Siku chache baadaye masikio ya nguruwe wale yakawa mekundu, kisha zambarau. Wakalala wamelundikana, wasiinuke tena. Bwana mifugo akasema ni homa ya nguruwe. Binadamu haimdhuru, lakini haina dawa wala chanjo, na kirusi chake hubaki ndani ya nyama hata mnyama akishakufa. Banda baada ya banda, ugonjwa ulipita mlemle ilimopita nyama ya mama.

Nilikasirika. Mama sikumkasirikia hata kidogo, niliukasirikia ugonjwa unaopanda mgongoni mwa ukarimu. Tenda wema nenda zako, walisema wahenga. Nadhani wao hawakufuga nguruwe.

Krismasi mama alipika kuku, akampelekea shoga yake sahani. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Ile ilirudi na kuku wake, kitambaa hakijafunuliwa.

"Hata kanisani amehama benchi," mama aliniambia Jumapili iliyofuata, akalia. Nami nikalia, nimesimama na koti langu la baridi, nimeshachelewa kazini.

Alipotulia akauliza, "Na huko, ukichinja, nyama unampelekea nani?"

Nikaifikiria milango ya ghorofa yetu. Miaka yote ile sikujua nyuma ya mlango upi anaishi nani.

"Huku hatupelekeani, mama."

"Basi nguruwe wa huko watapona," akasema.